Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupiga Kinanda Kwenye Misa Mpaka Waamini Waimbe

Shida ni ile ile karibu kila parokia. Kwaya imejipanga, kinanda kipo, spika zinalia vizuri tu, wimbo unaanza na waamini wamesimama kimya wanaangalia kwaya. Mpiga kinanda anaambiwa aongeze sauti, anaongeza, ndo kwanza watu wananyamaza zaidi. Halafu anakuja kuuliza ajifunze mbwembwe gani mpya.

Mara nyingi vidole havina shida. Kinanda kwenye Misa kina kazi moja kubwa, kubeba sauti za watu, na kazi hiyo inaharibika kwenye mambo ambayo hakuna anayetufundisha: ufunguo (yaani Do ya wimbo iwe nota gani), pumzi, kiasi cha sauti, na kujua wapi unyamaze kabisa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke, hata kama unapiga muda mrefu.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Kinanda chenye funguo 61 au zaidi. Zile Yamaha PSR zilizojaa maparokiani zinatosha kabisa. Kama mna ogani yenyewe, ya mabomba au ya umeme yenye ngazi mbili za funguo na pedali za miguu, hatua ni hizi hizi, nitasema panapotofautiana.
- Kopi za nyimbo zote za Misa hiyo, zimepangwa kwa mfuatano, kuanzia mwanzo mpaka kutoka. Za kwenye simu achana nazo, simu ikizima au ikiita katikati ya Mtakatifu utajuta.
- Penseli na kifutio.
- Kalenda ya liturujia ya mwaka husika. Bila hii utapiga kitu kisichotakiwa siku isiyotakiwa.
- Pedali ya kuongeza na kupunguza sauti, kama kinanda chako kina tundu lake. Sio ile pedali ya kurefusha sauti ya piano, hiyo wakati wa sauti ya ogani iweke pembeni.
- Kebo ya jeki ya kuunganisha kinanda na miksa, iwe nzima, na nyingine ya akiba.
- Mtu mmoja mwenye masikio mazuri wa kukaa benchi la mwisho kabisa wakati wa mazoezi.

Huyo wa mwisho usimdharau. Wewe ulipokaa husikii kanisa linasikia nini.

Hatua ya 1: Soma maneno kabla ya nota

Chukua wimbo, weka kinanda pembeni, soma maneno kwa sauti kama unasoma somo kwenye ambo (meza ya masomo). Kila unapovuta pumzi weka alama ya mkato kwa penseli juu ya mstari. Hizo alama ndo sehemu utakazoinua mikono baadaye.

Sababu: nyimbo zetu nyingi zimetungwa kufuata maneno ya Kiswahili, na msisitizo wa neno la Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukijua "Mtakatifu" inakaa kwenye "ti", mkono wako unajua wapi pa kuegemea na wapi pa kuachia. Mpiga kinanda asiyejua maneno anakata katikati ya neno na waamini wanakatika naye.

Umefaulu kama unaweza kuimba sauti ya kwanza (soprano) ya beti zote bila kugusa kinanda.

Hatua ya 2: Tafuta ufunguo wa watu, sio wa kwaya

Hapa ndo wengi mnaangukia na hamjui. Mwaamini wa kawaida, ambaye hafanyi mazoezi ya sauti, anaimba vizuri kuanzia C ya kati ya kinanda mpaka D iliyo juu ya oktava hiyo. Ukimbana sana anafika E. Wanaume wanaimba hayo hayo oktava ya chini. Ukivuka hapo hawapigi kelele kulalamika, wananyamaza tu.

Sasa fanya hivi. Tafuta kwenye sauti ya kwanza nota ya juu kabisa na ya chini kabisa. Tuseme kopi inasema Do ni Eb, nota ya juu kabisa ni re ya juu, ya chini kabisa ni do. Do ikiwa Eb, ile re ya juu ni F. Soprano wa kwaya wanaifika wakicheka, mama aliyekaa benchi la kumi hafiki. Shusha Do iwe C: re ya juu inakuwa D, do ya chini inakuwa C ya kati. Wimbo wote umeingia ndani ya sauti ya watu, na umeshusha nusu toni 3 tu.

Tahadhari mbili. Kwanza angalia besi. Ukishusha sana, besi wanaanza kunguruma maneno hayasikiki, kwa hiyo kama wimbo ni mpana pande zote tafuta katikati na kubali hasara kidogo huku na huku. Pili, wimbo ambao ni wa kwaya peke yake, mfano wa shukrani baada ya Komunyo, uache kwenye ufunguo wa mtunzi. Ushauri huu ni wa nyimbo ambazo watu wanatakiwa waimbe.

Kuhusu kitufe cha transipozi: wengi mnapiga kila kitu kwenye C halafu mnapandisha na kushusha kwa kitufe. Sikukatazi, ila andika namba ya nusu toni ulizopanda au kushuka kwa penseli juu ya kila kopi, +3, -2, 0, namba kubwa inayoonekana, na ubadilishe mara tu wimbo ukiisha, sio wakati mwalimu wa kwaya ameshanyanyua mkono. Ukisahau, zaburi itaanza juu ya dari na mwimbaji wa watu atahangaika mbele ya kanisa zima kwa kosa ambalo si lake. Na taratibu jifunze kupiga kwenye F, G na D bila kitufe. Siku ukikalishwa kwenye ogani ya mabomba hakuna cha kubonyeza.

Umefaulu kama yule mtu wa benchi la mwisho anaimba kiitikio bila kubana shingo.

Hatua ya 3: Chagua sauti ya kinanda

Kwa kuongoza watu tumia sauti ya ogani. Sio kwamba piano ni dhambi, ila piano ukishabonyeza nota inaanza kufa hapo hapo, wakati ogani inaendelea na nguvu ile ile mpaka uinue kidole, kama mtu anavyoshikilia nota anapoimba. Ndo maana inabeba umati. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwenye hati ya Liturujia ya 1963 namba 120, umeipa ogani ya mabomba heshima ya pekee na umeruhusu vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kibodi yenu hairuhusiwi. Inachotakiwa ni kutumika kwa heshima hiyo hiyo.

Mipangilio ya kinanda:

Zima stail, yaani zile ngoma za ndani ya kinanda. Nalisema kwa herufi kubwa, ZIMA STAIL. Ile ngoma haipumui, haijui ubeti umeisha, haijui padre bado hajafika altareni, na ikishaanza nyie wote mnaifuata yenyewe. Mkitaka mdundo wekeni mtu kwenye ngoma na mwingine kwenye kayamba, wao wanamwona mwalimu.

Zima mguso, ile inayofanya nota ilie kwa nguvu kulingana na unavyobonyeza. Ogani haina hiyo. Punguza mwangwi wa ndani mpaka karibu sifuri, kanisa lenye ukuta wa tofali na paa la bati lina mwangwi wa kwake wa kutosha.

Hifadhi sauti tatu kwenye kumbukumbu za kinanda: ya kwanza laini, sauti ya filimbi, kwa zaburi na nyakati za utulivu. Ya pili ogani ya kawaida kwa nyimbo nyingi. Ya tatu ogani kamili, ya kiitikio cha mwisho siku za sikukuu. Ukishazihifadhi unabadilisha kwa kidole kimoja bila kutafuta tafuta.

Wenye ogani yenye rejista, yaani vile vitufe vya kuchagua sauti za mabomba, namba zile ni futi. Rejista ya 8 inalia nota ilivyoandikwa (bomba lake refu kuliko yote lina kama mita 2.4), ya 4 inalia oktava moja juu, ya 2 oktava mbili juu, ya 16 oktava moja chini. Anza na filimbi ya 8 kwa zaburi. Kwa waamini weka prinsipali (sauti kuu ya ogani) za 8 na 4, kanisa likijaa ongeza 2, maana ule mng'ao wa juu ndo unapenya kelele za watu bila kuongeza ukubwa wa sauti. Rejista ya 16 iache kwenye pedali, ukiiweka kwenye mkono wa kushoto unapata matope.

Hatua ya 4: Unganisha na upime sauti

Washa kinanda kwanza, halafu miksa, mwisho amplifaya. Kuzima ni kinyume chake, amplifaya ndo ianze. Ukivuruga mpangilio huo spika zinapiga mshindo na siku moja zitakufa. Sauti ya kinanda weka karibu robo tatu, kingine kiongezwe kwenye miksa, kwa sababu kinanda kikiwa chini sana na miksa ikivutwa juu sana utasikia mvumo wa umeme Misa nzima.

Kipimo cha kiasi hiki hapa: kwaya ikiimba kawaida, yule mtu wa benchi la mwisho asikie maneno yote. Akikuambia "nakisikia kinanda vizuri sana" punguza. Maagizo ya Kanisa kuhusu muziki, Musicam Sacram ya 1967, namba 64, yanasema wazi kwamba vyombo vinasaidia sauti za waimbaji, visizifunike. Na kumbuka kanisa tupu linapiga mwangwi kuliko likijaa, nguo na miili ya watu vinameza sauti, kwa hiyo Jumapili utapandisha sauti kidogo juu ya ile ya mazoezi ya Jumamosi jioni.

Umefaulu kama ukiacha kupiga ghafla katikati ya wimbo watu wanaendelea bila kushtuka. Jaribu hilo kwenye mazoezi, linakuambia ukweli wote.

Hatua ya 5: Tengeneza vidole vinavyoshikana

Kwenye ogani nguvu ya kubonyeza haina maana yoyote, kinachosikika ni muda: lini umebonyeza na lini umeinua. Wengi wanajali kubonyeza tu.

Gawa hivi: mkono wa kulia sauti ya kwanza na ya pili (soprano na alto), wa kushoto ya tatu na ya nne (teno na besi). Angalizo kwa wanaosoma solfa (do re mi), teno na besi kwenye kopi zinaandikwa kama vile ziko oktava moja na akina mama, lakini wanaume wanaimba chini, kwa hiyo na wewe shusha oktava. Ukisoma kama zilivyo teno itapanda juu ya soprano.

Tupige mfano, Do ni C. Kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya kwanza: besi do, teno so, alto do, soprano mi. Kodi ya pili: besi fa, teno la, alto do, soprano fa. Angalia alto, ni do zote mbili. Kidole cha alto kisiinuke! Kikae pale pale wakati wengine watatu wanahama. Kodi ya tatu: besi so, teno so, alto ti ya chini, soprano re, halafu rudi ya kwanza, na safari hii teno ndo inakaa pale pale kwenye so. Piga hizo kodi nne polepole mara nyingi, masikio yako yakiwa kwenye ile sauti inayokaa. Hapo ndo utasikia kinanda kinaimba, badala ya kukatakata kodi moja moja.

Sasa kesi ya kinyume. Sauti ya kwanza ikirudia nota ile ile, mi mi mi re, lazima uinue kidole kidogo kati ya mi na mi, la sivyo waamini watasikia nota moja ndefu na hawatajua silabi ya pili inaingia lini. Ila inua soprano tu, sauti tatu za chini ziendelee kushikilia. Ukiinua mkono mzima kila mara, wimbo unageuka kuwa wa kugonga gonga.

Vidole vikiisha, badilisha kimya kimya: umebonyeza E kwa kidole cha tatu, kabla hujaiachia weka cha tano juu yake, cha tatu kiko huru kuendelea. Zoezi la wiki mbili tatu hivi, halafu linakuwa tabia.

Mkono wa kushoto usipige oktava za besi muda wote. Najua inasikika kubwa kwenye spika ya karibu na wewe, nyuma ya kanisa ni mngurumo tu.

Hatua ya 6: Utangulizi unaowaingiza watu

Utangulizi una kazi tatu: kuwaambia watu ni wimbo gani, ufunguo gani, mwendo gani. Basi. Kwa wimbo wanaoujua piga mstari wa mwisho wa kiitikio. Kwa wimbo mgeni piga kiitikio chote, sauti ya kwanza isikike vizuri.

Mwendo wa utangulizi uwe ule ule wa wimbo. Usianze haraka halafu mwalimu akapunguza. Na usipunguze mwendo mwishoni mwa utangulizi kwa mbwembwe, watu wakisikia mwendo unazama hawajui waingie wapi, ndo ule mwanzo ambao nusu ya kanisa inaingia na neno la pili.

Namna ya kuwaingiza: kodi ya mwisho ya utangulizi ishikilie mapigo yake kamili, inua mikono yote kwa pigo moja kamili, na wewe mwenyewe vuta pumzi kwa mdomo, halafu shuka nao. Lile pigo moja la ukimya ni mlango wa waamini. Ukiendeleza kinanda bila kukata, mlango haufunguki.

Umefaulu ukisikia neno la kwanza la wimbo limetoka kanisa zima, sio kwaya peke yake.

Hatua ya 7: Pumua nao mpaka mwisho

Zile alama za penseli za hatua ya kwanza, sasa zifanyie kazi. Kila mwisho wa sentensi inua mikono kidogo, ukichukua muda huo kutoka kwenye nota ya mwisho ya sentensi, sio kwa kuongeza pigo la ziada. Kati ya ubeti na kiitikio fanya kila mara vile vile, ubeti wa kwanza ukisubiri mapigo mawili basi zote zisubiri mawili. Waamini hawana kopi, kopi yao ni mazoea, ukibadilisha badilisha wanaacha kukuamini.

Nafasi kati ya mistari usijaze vinakshi. Ile "tirri-tirri-tirri" ya mkono wa kulia kila watu wanapovuta pumzi inawafanya wasite wakidhani wimbo umeendelea. Iweke mara moja kabla ya ubeti wa mwisho, itapendeza kweli.

Hatua ya 8: Usiwasubiri wa nyuma

Hili linaua mwendo wa nyimbo kwenye makanisa makubwa na wachache wanajua sababu. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kanisa likiwa na urefu wa mita 40, sauti yako inafika nyuma baada ya karibu sekunde 0.12, wao wanaimba, sauti yao inarudi kwako baada ya 0.12 nyingine. Jumla karibu robo sekunde. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika, kila pigo ni sekunde 0.6, yaani unawasikia wamechelewa zaidi ya theluthi ya pigo hata kama wanaimba sawa kabisa na wanachosikia.

Ukianza kuwangoja, unachelewa, wao wanakusikia umechelewa wanachelewa zaidi, ubeti wa nne mmelala. Dawa yake mwangalie mwalimu, ushike mwendo, masikio yako yazoee kusikia mkanganyiko kidogo kutoka mbali. Wao huko nyuma wanasikia sawa. Mtume yule mtu wako wa benchi la mwisho athibitishe.

Hatua ya 9: Ramani ya Misa, piga wapi nyamaza wapi

Mwanzo. Kabla ya Misa unaweza kupiga kitu cha utulivu. Wimbo wa mwanzo unasindikiza maandamano, ukiisha na padre bado anafukizia altare, endelea na kinanda peke yake kwa sauti laini kwenye ufunguo ule ule mpaka afike kwenye kiti. Akifika malizia vizuri ndani ya sentensi moja, usimkate wala usimcheleweshe. Ishara ya Msalaba ikianza mikono mapajani.

Bwana utuhurumie na Utukufu. Utangulizi mfupi sana au kodi moja tu. Utukufu padre akiuanzisha mwenyewe mpe nota ya kuanzia kwa sauti laini na subiri.

Zaburi. Hapa mfalme ni neno. Piga kiitikio mara moja kwa filimbi, mwimbaji aimbe, waamini warudie. Kwenye mashairi shikilia kodi tu, badilisha pale anapobadilisha, na akitaka kuvuta neno mwache avute. Mimi hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, ukiisindikiza vizuri kanisa linatulia mpaka unasikia watu wanavyopumua. Aleluya ni kinyume, hapo fungua sauti, watu wanasimama.

Matoleo. Sehemu ngumu ya macho. Sadaka zinakusanywa, vipaji vinaletwa, pengine kwa kucheza, na hujui itachukua muda gani. Mtazame padre: akianza kunawa mikono unakaribia mwisho, na akifika "Salini ndugu" kinanda kiwe kimya kabisa. Kaa na wimbo ambao unaweza kuufunga baada ya kiitikio chochote.

Utangulizi wa Sala ya Ekaristi. Kama padre anaimba, mpe nota moja kabla hajaanza, laini, na uache. Usimsindikize. Tafuta mapema anaanza na nota gani, kila padre ana yake, iandike. Mtakatifu uingie moja kwa moja bila utangulizi mrefu, ni kanisa zima linaitikia sala iliyotoka kuimbwa, ukiweka utangulizi wa mistari minne umekata sala katikati.

Sala ya Ekaristi. Nyamaza. Wapo wanaopiga sauti ya vinubi chini chini wakati wa mageuzo wakidhani wanaongeza uchaji, na waamini wengine wanaipenda. Lakini Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 32, yanasema padre anaposali sala zake hakuna sala nyingine wala wimbo, na ogani na vyombo vingine vinyamaze. Kama paroko wako amezoea, ongea naye kwa heshima ofisini, umwonyeshe namba, usianzishe mabishano kwenye mazoezi. Unarudi kwenye Fumbo la Imani na kwenye Amina kuu. Ile Amina ndo mahali pa kutumia sauti yako ya tatu, ogani kamili, iwe ya nguvu kweli kweli.

Mwanakondoo. Wimbo huu unasindikiza kumega mkate, umati ukiwa mkubwa unaweza kurudiwa mpaka padre amalize. Angalia altare, sio kopi.

Komunyo. Wimbo unaanza padre anapokomunika, sio foleni ikishafika katikati. Hapa waamini wanatembea hawana vitabu mikononi, wape wimbo wenye kiitikio kifupi wanachokijua. Mkiishiwa nyimbo kinanda peke yake kwa utulivu kinafaa sana. Halafu acha dakika za ukimya halisi, kabla ya shukrani.

Kutoka. Piga kwa nguvu na furaha yako yote, muda wako huo.

Hatua ya 10: Fuata kipindi

Hapa kalenda inafanya kazi. Kwa mujibu wa namba 313 ya Maelekezo hayo hayo, Majilio vyombo vinatumika kwa kiasi, furaha ya Noeli isimalizwe kabla haijafika. Kwaresma kinanda ni kwa kusindikiza wimbo tu. Hakuna kupiga peke yake kabla ya Misa, hakuna wakati wa matoleo watu wakimaliza kuimba, wala wakati wa kutoka. Isipokuwa Dominika ya nne ya Kwaresma, na sherehe na sikukuu zikiangukia humo, mfano Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi na Kupashwa Habari Bikira Maria tarehe 25 Machi.

Alhamisi Kuu Utukufu unaimbwa kengele zikilia, na kuanzia hapo mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka kinanda kinaweza tu kusindikiza waimbaji, na parokia nyingi zinanyamazisha kabisa. Kwa hiyo kwaya ifanye mazoezi bila kinanda mapema, usiwashtukize Jumatano. Mkesha ukifika, ule Utukufu unarudi na kila kitu ulichonacho, na kwa sababu masikio yamekaa na njaa watu wanaimba mpaka paa linatetemeka. Ukipiga piga Kwaresma nzima unawanyima hilo.

Misa ya marehemu vile vile, sindikiza nyimbo tu, usipige peke yako.

Hatua ya 11: Umeme ukikatika, na baada ya Misa

Umeme ukikata katikati, usisimame kuhangaika na nyaya. Imba. Wewe unajua maneno kwa sababu ya hatua ya kwanza, na kwaya iendelee. Umeme ukirudi usiingie katikati ya ubeti, maana mara nyingi sauti zao zimeshuka au kupanda kidogo na mtagongana. Subiri wimbo unaofuata. Kama kinanda chako kinatumia mabetri yaweke mapya kabla ya sikukuu kubwa.

Misa ikiisha, amplifaya ndo iwe ya kwanza kuzimwa. Rudisha transipozi sifuri, maana wa Misa ya pili atakuja na haraka zake. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu na funika kinanda, vumbi la kanisa na popo ndo vinavyoua funguo zikaanza kukwama. Halafu kabla hujaondoka mtafute yule mtu wa benchi la mwisho, muulize wimbo gani watu waliimba na upi walinyamaza, na andika jibu kwa penseli juu ya kopi yenyewe, pamoja na ufunguo mliotumia.